Saratani isiwe pazia baina ya mume na mke

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemjaalia kila mmoja wa wanandoa kuwa kitulizo cha nafsi ya mwenziwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekaa na ahali zake kwa wema katika siku za afya na katika siku za maradhi.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, leo tunakusudia kulizungumza jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi huogopwa hata kutajwa. Mmoja wa wanandoa anapobainika kuwa na saratani, jamaa hukusanyika na maswali huwa mengi. Atatibiwa hospitali gani? Nauli itatoka wapi? Nani atabaki na watoto? Maswali hayo ni ya lazima, na wenye kuyashughulikia wana ujira wao kwa Mola wao. Lakini lipo swali moja ambalo hakuna athubutuye kuliuliza: je, wawili hawa wataendelea vipi kuwa mume na mke?

Kwa kuwa swali haliulizwi, jibu hujitokeza lenyewe, na aghalabu huwa jibu baya. Mara nyingi hapatokei ugomvi wala talaka. Kinachotokea ni kimya. Mume huhamia chumba kingine kwa hoja ya kumpa mgonjwa nafasi ya kupumzika. Mke huanza kubadili nguo gizani ili kovu lake lisionekane. Mazungumzo ya usiku hugeuka kuwa maswali ya vidonge na tarehe za kliniki. Baada ya miezi michache, watu waliokuwa wakilala mto mmoja huwa wanaishi kama mgonjwa na muuguzi wake, kila mmoja akidhani kuwa mwenziwe amemchoka.

Tunalotaka kulibainisha katika makala haya ni kwamba saratani yaweza kulizuia tendo la ndoa kwa muda, na pengine moja kwa moja, lakini haina uwezo wa kuuzuia ukaribu wa mume na mke. Ukaribu huo hukatwa na kimya, na hukatwa na hofu ambazo nyingi kati yake hazina msingi katika tiba wala katika dini. Haya mawili yote yana dawa.

Utulivu, mapenzi na huruma

Katika Suratur-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa lengo la kuumbiwa wake zetu ni kupata utulivu kwao, na kwamba ameweka baina ya wanandoa mapenzi na huruma. Tuzingatie kuwa vimetajwa vyote viwili. Katika ujana na afya, mapenzi hutangulia. Mwili unapodhoofika, huruma huibeba ndoa katika njia ambayo mapenzi peke yake yasingeweza kuipita. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 187, wanandoa wamefananishwa na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Kazi ya vazi ni kusitiri, kukinga baridi na kuwa karibu na ngozi kuliko kitu kingine chochote. Ni wakati gani basi mtu huhitaji zaidi kusitiriwa kuliko pale mwili wake unapokuwa umepitiwa na kisu cha daktari, au nywele zake zimepukutishwa na dawa?

Historia yetu nayo ina mfano ulio wazi. Katika mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) hakuwamo safarini. Mkewe, Bi Ruqayya binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa sana, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwamuru mkwewe abaki Madina amuuguze, kisha akamhesabia ujira na fungu la mtu aliyehudhuria vita hivyo. Bi Ruqayya hakupona. Alifariki katika maradhi hayo. Kwa hiyo Sayyidna Uthman hakupewa daraja ile kwa kuwa mkewe alinyanyuka kitandani. Aliipewa kwa kuwa alikaa naye. Mume anayedhani kuwa kukaa na mke mgonjwa ni kupoteza wakati wa kutafuta riziki na heshima, na alitafakari hilo.

Mahali maradhi yanapopiga

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 waligunduliwa kuwa na saratani ulimwenguni, na mtu 1 katika kila 5 hupatwa na maradhi hayo katika umri wake. Nchini Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, ikifuatiwa na ya matiti; kwa wanaume, ile ya tezi dume imo katika zile zinazoongoza. Angalieni, ndugu zetu, viungo vyenyewe. Ni viungo ambavyo mke huviona kuwa ndivyo uke wake, na mume huviona kuwa ndivyo uanaume wake. Ndiyo maana maradhi haya huingia chumbani hata kama wenye chumba hawataki.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelichunguza jambo hili kwa hesabu. Nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 515 wenye maradhi mazito, wengi wao wakiwa na uvimbe wa ubongo au saratani nyingine, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Pale mgonjwa alipokuwa mwanamume, ndoa zilizovunjika zilikuwa karibu asilimia 3. Alipokuwa mwanamke, zilifika karibu asilimia 21. Ndoa zilizokwishadumu miaka mingi ndizo zilizostahimili zaidi. Nchini Norway, utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kwa aina nyingi za saratani talaka hazikuongezeka, lakini ziliongezeka kwa saratani ya mlango wa kizazi na ile ya korodani.

Hizo ni jamii zenye desturi zisizo zetu, na hatusemi kuwa hesabu zao ndizo zetu. Hata hivyo, sisi tunapata humo mazingatio mawili. La kwanza ni kwamba mwanamke mgonjwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuachwa, na wanaume wanapaswa kujihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa. La pili ni kwamba hatari huongezeka pale maradhi yanapogusa unyumba wenyewe, yaani pale ambapo watu huona haya kuzungumza.

Hofu zisizo na msingi

Hofu ya kwanza ni ya kuambukizwa. Saratani haihami kutoka mwili wa mtu kwenda wa mwingine kwa kulala kitanda kimoja, kwa kula sahani moja, kwa busu, wala kwa tendo la ndoa. Mume anayeitenga nguo ya mkewe na kikombe chake hajikingi na lolote. Anamvunja moyo tu.

Hofu ya pili ni ya mionzi. Wapo wanaoamini kuwa mtu aliyetoka katika mashine ya mionzi hubaki akitoa mionzi hiyo, hivyo asikaribiwe na mume wala na watoto. Mionzi inayopigwa kutoka nje ya mwili haibaki mwilini mashine ikishazimwa. Na katika tiba ya mionzi ya ndani itumiwayo kwa mlango wa kizazi, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa kwa kifaa kisha kikaondolewa, mgonjwa hurudi kwa watu wake akiwa hana madhara kwa yeyote. Zipo tiba chache za aina nyingine ambazo huhitaji tahadhari ya siku kadhaa, na hizo daktari humweleza mgonjwa mapema.

Hofu ya tatu ndiyo yenye kuvunja nyumba. Takriban saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho hupita kwa njia ya kukutana kimwili. Mume akisikia hivyo humtuhumu mke. Mke naye akisikia humtuhumu mume. Na katika nyumba yenye wake wawili, kidole huelekezwa kwa mke mwenza. Ukweli ni kwamba kirusi hiki ni cha kawaida mno, na watu wengi waliowahi kuingia katika ndoa hukutana nacho bila ya kujua, kisha mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wale wachache ambao kwao hubaki, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka kuwa saratani, na chini ya hapo kwa mwenye kinga dhaifu. Huenda kiliingia tangu ndoa ya mwanzo ya mmoja wao, kabla hawajajuana. Hivyo, karatasi ya majibu ya hospitali haithibitishi uzinifu wa mtu. Na sisi tunajua uzito wa kumtuhumu mke au mume kwa jambo hilo bila ya ushahidi.

Damu ya maradhi si damu ya hedhi

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi huweza kutokwa na damu siku nyingi mfululizo. Katika baadhi ya nyumba huhesabiwa kuwa yumo ndani ya hedhi isiyokwisha: haswali, haguswi, na hata mkeka wake huwekwa kando. Hapa pamekusanyika makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la hukumu. Damu itokayo kwa sababu ya maradhi, nje ya ada ya hedhi na nifasi, wanazuoni wa fiqhi huiita istihadha. Damu hiyo haimzuii mwanamke kuswali wala kufunga. Atajisafisha, atajifunga kitambaa, na atatia udhu kwa kila swala ya faradhi wakati wake unapoingia. Jamhuri ya wanazuoni hawakumharamishia mumewe kukutana naye kwa sababu ya damu hiyo. Lakini daktari akikataza tendo kwa kipindi fulani, kwa kuchelea kutonesha kidonda au kuongeza kuvuja kwa damu, kauli yake hufuatwa, kwa kuwa sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara.

Kosa la pili ni kudhani kuwa damu, hata iwe ya hedhi hasa, humfanya mwanamke mwenyewe kuwa najisi. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiegemea mapajani pake na kusoma Qur'ani naye yumo hedhini, na kwamba alikuwa akinywa katika chombo alichonywea yeye, akiweka mdomo wake mahali alipoweka wake. Ikiwa hivyo ndivyo alivyofanya mbora wa viumbe, sisi ni nani hata tumsogeze mkeka mgonjwa wetu?

Yanayobadilika mwilini

Ni muhimu wanandoa wote wawili waelewe mabadiliko yaletwayo na tiba, ili asitokee mmoja kuyatafsiri kuwa ni chuki.

Kwa mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga, njia ya uzazi huweza kukauka, kusinyaa na kupungua kina. Mifuko ya mayai ikifikiwa na mionzi huacha kutoa homoni, na mwanamke wa miaka 35 hufikia ukomo wa hedhi kabla ya wakati wake, akipandwa na joto la ghafla usiku na hamu yake ikipungua. Akikunja uso kwa maumivu, mume asidhani kuwa anakataliwa. Hospitali za saratani huweza kumwelekeza mke namna ya kutumia kifaa maalumu cha kutanulia njia hiyo taratibu ili isizibe, pamoja na vilainishi vya majimaji visivyo na manukato. Wakati wa kuanza tena tendo la ndoa huamuliwa baada ya daktari kumpima na kuona kuwa kidonda kimepona. Dawa za kienyeji za kubana uke, ambazo huuzwa kwa siri mitaani, ni hatari kubwa kwa mwanamke huyu.

Kwa aliyeondolewa titi, jeraha la ngozi hupona mapema kuliko jeraha la nafsi. Wapo wanawake ambao hupitisha mwaka mzima bila ya kumruhusu mume kuona kifua chao. Mume asilazimishe, wala asijifanye kuwa hakuna kilichotokea. Amwambie kwa ulimi wake kuwa alimwoa yeye na si kiungo chake kimoja, kisha asubiri hadi mkewe aridhike mwenyewe. Wapo wanaopendelea kubaki na nguo ya juu nyakati za faragha; hilo halipunguzi chochote. Mafuta au dawa zenye homoni zisitumiwe na mwenye saratani ya titi pasipo idhini ya daktari wake.

Kwa mwenye kutiwa dawa za kemikali kwa njia ya dripu, uchovu, kichefuchefu na vidonda vya mdomoni huwa vingi kwa siku kadhaa. Chembe nyeupe za damu hupungua, na mwili huwa mwepesi kupata maambukizi. Kwa hiyo aulize ni siku zipi za kujizuia. Kwa kuwa mabaki ya dawa hizo hupita katika majimaji ya mwili kwa siku chache, madaktari hushauri kutumia kondomu katika siku hizo, na kuzuia mimba kwa kipindi chote cha tiba na miezi inayofuata, kwani dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Kwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, mambo ni mazito na kimya chake huwa kizito zaidi. Mishipa ya fahamu inayowezesha nguvu za kiume imepita ubavuni mwa tezi hiyo, na upasuaji au mionzi huweza kuidhuru. Baadhi hurejewa na nguvu baada ya muda mrefu, hata miaka miwili, wengine hazirejei. Tiba ya kushusha homoni za kiume hupunguza hata ile hamu yenyewe. Mume huona haya, hujitia hasira, huchelewa kurudi nyumbani ili amkute mkewe amelala, na mke hudhani kuwa amepata mwingine. Zipo dawa ambazo daktari huweza kumpa, lakini asinunue vidonge vya nguvu za kiume barabarani: vidonge vya aina hiyo vikikutana na baadhi ya dawa za moyo, huweza kushusha shinikizo la damu kiasi cha kuua.

Ulimi utangulie

Tumesema kuwa kimya ndicho kikatacho ukaribu. Basi matibabu yake yaanze kwa ulimi. Watu wa pwani yetu wana desturi nzuri ya kufukiza udi na kutandaza asumini kitandani kuashiria usiku wa furaha. Lakini mtu aliyetiwa dawa za saratani, pua yake hubadilika, na harufu aliyoipenda miaka 20 huweza kumtapisha. Mume amefukiza udi kwa mapenzi. Mke ametoka chumbani mbio. Na hakuna aliyemweleza mwenziwe kitu. Neno moja tu lingetosha: “Baba watoto, nakutaka wewe, ila moshi huu kwa sasa tumbo langu haliuwezi.” Naye mume angejibu: “Basi tuufungulie dirisha, mke wangu, nije nikae nawe.”

Mfano huo mdogo unatosha kutufunza utaratibu wa maneno. Mgonjwa aseme anachokiweza leo na asichokiweza. Mwenziwe aulize kabla ya kukisia: Je, nikushike mkono huu, au unauma? Je, ungependa nikae, au unataka kulala? Na kila mmoja aseme hofu yake, kwani mwenye afya naye anaogopa. Anaogopa kumtonesha mgonjwa, na anaogopa kubaki peke yake. Mume akilia mbele ya mkewe, si upungufu wa imani. Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na akayaita kuwa ni rehema.

Baada ya ulimi hufuata mkono. Kumsinga mgonjwa miguu kwa mafuta ya nazi, kwa kuepuka sehemu iliyopigwa mionzi, yenye uvimbe au yenye jeraha. Kumfunga mtandio kichwani pale nywele zilipotoka. Kulala ubavu kwa ubavu na kuwekewa mito ili asikandamizwe. Kukumbatiana bila ya kudai kingine chochote: hayo yote ni katika haki za ndoa. Ni vyema wanandoa wakubaliane waziwazi kwamba kwa kipindi fulani kugusana hakutakuwa dibaji ya tendo. Mgonjwa akilijua hilo, haukimbii tena mkono wa mwenziwe. Na kwa wale wanaoruhusiwa na wanaoweza, wachague saa ambayo mgonjwa ana nguvu, pengine asubuhi, au baada ya dawa ya maumivu kuanza kufanya kazi.

Wapo pia waliotenganishwa na safari. Mgonjwa wa mlango wa kizazi anayetoka Tabora au Mtwara kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, huweza kubaki huko kwa zaidi ya mwezi, kwani mionzi ya nje peke yake hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi. Mume aliyebaki shambani au dukani hupiga simu na kuuliza kama fedha zimefika. Aulize na mengine. Ampe habari za mbuzi aliyezaa na za mtoto aliyehitimu juzuu. Amkumbushe siku ya harusi yao. Amwambie kuwa upande wake wa kitanda hakuna aliyeulalia. Maneno hayo hayagharimu zaidi ya yale ya fedha.

Jamaa nao wajue mipaka

Katika mila zetu mgonjwa ni wa ukoo mzima, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mara nyingine uuguzi hugeuka kuwa utekaji. Mama au dada huhamishia godoro chumbani, mume hupangiwa kwingine, na wiki hupita wanandoa hawajapata dakika tano za peke yao. Katika Suratun-Nur, aya ya 58, zimewekwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hutakiwa kubisha hodi: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya swala ya Isha. Haikusemwa kuwa nyakati hizo hufutwa mtu anapougua. Wakwe na mashemeji wazihifadhi nyakati hizo, watoke chumbani, na waufunge mlango nyuma yao.

Na mwenye wake zaidi ya mmoja akumbuke kuwa zamu ya mke mgonjwa haidondoki. Wanazuoni wa fiqhi wamebainisha kuwa mgonjwa, mwenye hedhi na mwenye nifasi wote hupewa siku zao sawa na wengine, kwa sababu kusudio la zamu ni kuliwazana na kuondoleana upweke, hata pasipokuwa na tendo. Basi anayeruka usiku wa mkewe kwa hoja kuwa “hana kazi naye” amedhulumu haki iliyo wazi.

Kumuuliza daktari si kukosa haya

Huenda msomaji akasema kuwa siri za kitanda zimekatazwa kutangazwa. Ni kweli, na makatazo hayo yamethibiti. Lakini kutangaza siri barazani ni jambo moja, na kuieleza kwa tabibu ili kupata tiba ni jambo jingine. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na wanawake hao walikuwa wakimwuliza Mtume (S.A.W.) mambo ya hedhi na janaba bila ya kuficha.

Basi wanandoa waende kliniki pamoja, na waulize maswali yao hata kama daktari hakuanza: Tujizuie kwa muda gani? Maumivu haya yana dawa? Je, tutaweza kupata mtoto, na kama tiba itaathiri uzazi, lipi lifanywe kabla haijaanza? Anayeona haya kumweleza daktari wa kiume aombe muuguzi wa kike, naye mume aombe wa jinsi yake. Na ikiwa mgonjwa amepoteza usingizi, hamu ya chakula na matumaini kwa wiki kadhaa, hilo nalo lielezwe, kwani huzuni iliyozidi huwa ni maradhi yenye tiba yake.

Kwa wale ambao tiba imefika mwisho wake

Hatutawasahau ambao madaktari wamewaambia kuwa kilichobaki ni kutuliza maumivu. Kwao ukaribu haujaisha. Pengine ndio wakati wake mkubwa. Mtume (S.A.W.) alipozidiwa na maradhi yake ya mwisho, aliwaomba wakeze ruhusa ya kuuguzwa katika chumba cha Bi Aisha. Bi Aisha alikuwa akimsomea na kumpangusa kwa mkono wake mwenyewe Mtume, akitaraji baraka zake, na roho yake tukufu ilitoka akiwa ameegemea kifuani pake. Hakufa akiwa ametengwa kwa jina la kupumzishwa. Alifariki mikononi mwa mkewe.

Kwa hiyo tunawasihi waume na wake walio katika mtihani huu: usiku wa leo, baada ya Isha, jamaa wakishatoka, kaeni pamoja na mzungumze lile ambalo mmelinyamazia. Aliyehamia sebuleni arudi chumbani. Anayebadili nguo gizani aiwashe taa siku atakayoridhika. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na ajaalie huruma aliyoiweka baina ya wanandoa isikatike kwa maradhi wala kwa umri. Amin.

Wabillahi tawfiq.